Vidole Viwili vya Mchanga

Surabaya, 12 Septemba 1999

Dada yangu Mbak Narti,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Mama, kisha goti la Mama, maana nisipoliulizia litanuna. Hamjambo? Sisi hatujambo, tena hatujambo kwa namna ambayo sikujua kama ipo duniani. Leo ni siku ya ishirini na mbili tangu niolewe, na bado nikimwona Mas Hendarto anafunga vifungo vya shati lake asubuhi moyo wangu unaruka kama samaki aliyepwelewa. Mbak, usicheke. Saa sita na nusu kamili hufunga duka lake la miwani, hupanda pikipiki na kuja kula nyumbani, ilhali jirani zake wote wa sokoni hula pale pale barabarani. Juzi nilimpikia mchuzi mweusi wa nyama kama ulivyonifundisha. Alikula sahani mbili, kisha akaninong'oneza kwamba unaupita wa mama yake. Mama yake yuko Madiun, mwendo wa saa nne, na bado alinong'ona!

Sasa nikupe habari ya tangi. Lipo sebuleni, urefu wake mita moja na nusu, na meza yake ya msaji ameipiga randa mwenyewe. Bado ni tupu. Jioni tunakaa mbele yake kama watu wanaotazama sinema ambayo haijaanza, yeye akinionyesha kwa kidole: hapa mawe, hapa mwanga, hapa katikati lile ua la bahari la Baba, ambalo jirani zetu wa hapa hawaamini kwamba ni mnyama, si mmea. Ulituahidi mbele ya wazee, Mbak, usisahau! Anasema tangu siku ile alipokuja kwetu kulitazama hajawahi kuona jingine kubwa kama lile, lenye vidole vinene namna ile, na wale samaki wake wawili wa rangi ya machungwa wakilala ndani yake kama kitandani. Mimi siku hiyo naikumbuka kwa mengine. Nilitoka na sinia ya kahawa, akainua macho, basi. Wewe ulikuwa umevaa blauzi yako ya kijani ya lesi, nami nikakutania kwamba umekosea siku, harusi ya jirani ni wiki ijayo.

Kinachotuchelewesha ni mchanga. Binamu yake humletea majarida kutoka Singapore, na humo wote siku hizi wanasifu mchanga mzito, wenye kina cha sentimita kumi na mbili. Eti chini kabisa hakuna hewa, na vijidudu wa huko wanakula uchafu wote, hata huhitaji kuusafisha. Lakini anataka kujua wewe unasemaje, maana ua ni la kwenu. Nimemwambia asijisumbue kuandika, nitakuuliza mimi.

Tena kuna lile jambo. Siku ya harusi nilipopiga magoti mbele yako kuomba ruhusa ya kukuruka, wazee walikuuliza unataka zawadi gani, ukasema utafikiri. Bi Tumirah, jirani yetu wa nyumba ya pili, anasema mdogo akiolewa kabla ya mkubwa na asimpe zawadi yake, nyumba yake haitulii. Sema chochote. Kitambaa, pete, redio. Mas anasema hata kama ni mbuzi tutamleta kwa pikipiki.

Mdogo wako mwenye furaha kupita kiasi,
Rini


Ketapang, Banyuwangi, 3 Oktoba 1999

Dik Rini,

Barua imefika, Mama amesomewa mara mbili. Goti ni lile lile. Mvua bado. Jirani ameozesha papai zake zote akisubiri bei.

Nimefurahi kwamba unapika.

Zawadi nimeshaifikiria. Sitaki kitambaa wala pete. Nataka mchanga wa tangi lenu uwe vidole viwili, kama wa Baba. Ndiyo zawadi yangu ya kurukwa, sina nyingine.

Sababu unaijua, lakini ulikuwa mtoto, kila siku ya usafi ukikimbilia nje. Kila Ijumaa Baba alichukua mpira wa maji, akanyonya kwa mdomo mpaka maji yakaja, akaupitisha juu ya mchanga wote kuanzia kona ya kushoto. Mchanga wa vidole viwili unafikika hadi kwenye kioo. Hakuna kinachojificha. Baba alilitoa ua lile baharini mwaka wa sabini na moja, nikiwa na miaka sita. Amefariki yeye, ua lipo. Tangu alipofariki kila Ijumaa nafanya mimi.

Mchanga mzito nao si uongo. Unafanya kazi, ukiwa mzito kweli na mtu asiuguse. Lakini zawadi yangu ni vidole viwili.

Wekeni maji, mawe na mchanga, liache tangi litulie miezi miwili mitatu. Baada ya hapo nitalituma ua na gari la wakala wa samaki. Mume wako hahitaji maelezo marefu. Anajua.

Kinachotajwa na aliyerukwa hakipunguzwi. Hilo nadhani Bi Tumirah amekwambia pia.

Narti


Surabaya, 20 Oktoba 1999

Mbak wangu mpenzi,

Nimeicheka zawadi yako mpaka nikatoa machozi, kisha nikaibusu barua. Nani mwingine duniani angeomba mchanga! Mama namsalimu, goti nalisalimia. Huku mvua imeanza, kichochoro chetu kimejaa maji hadi kwenye vifundo, na Mas jana alinibeba mgongoni kutoka kwa muuza tofu hadi mlangoni. Majirani walipiga makofi. Nilitaka kufa kwa aibu, tena nilitaka asinishushe.

Mchanga umewekwa! Ni mweupe, laini, wa matumbawe yaliyosagika. Tuliuosha kwenye ndoo siku nzima ya Jumapili, mikono ikawa kama ya bibi vizee. Nikuambie jinsi tulivyoamua, maana nimejivunia. Wewe unataka sentimita tatu hivi. Yeye anataka kumi na mbili, na alikuwa ameshapima na kuweka alama ya penseli kwenye kioo. Nikajiuliza: mke mwema afanye nini? Amwangushe mume au amwangushe dada? Nikakumbuka hesabu za shule: tatu na kumi na mbili ni kumi na tano, gawa kwa mbili, saba na nusu. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa. Mas mwenyewe ndiye aliyeamua saba na nusu, Mbak, nami nikasema sawa. Aliitazama rula, kisha akasema, "Haya. Iwe hivyo." Akafuta alama yake ya zamani kwa kidole gumba kilicholowa mate.

Najua ulitaja vidole viwili. Lakini sisi si tumekuja nusu ya njia kukufuata? Mtu akikuomba kikombe ukampa birika, hujampunguzia.

Ungeliona tangi! Maji yametulia, mawe yako kama kilima kidogo, mchanga chini kama godoro jipya. Jioni Mas huzima taa ya sebule, tukabaki na ile ya buluu peke yake, na uso wake unakuwa wa buluu, nami namwambia amekuwa mfalme wa baharini. Anasema mfalme gani huyu anayekula tofu.

Kilichobaki ni ua tu. Tuandikie haraka.

Rini wako


Ketapang, 9 Januari 2000

Dik Rini, na mume wako,

Sikukuu njema. Tunaomba msamaha, wa nje na wa ndani, kwa makosa tuliyoyatenda tukijua na tusiyoyajua. Mama anasema mlifanya vyema kwenda Madiun. Sikukuu ya kwanza ni haki ya upande wa mume. Alipika ketupat thelathini hata hivyo, ule wali wa kufumbatwa kwa majani ya mnazi, akasahau kwamba tuko wawili.

Nimechelewa kuandika. Mama aliumwa homa mwezi wa Novemba, kisha ukaja mwezi wa kufunga.

Gari la wakala linaondoka kesho alfajiri na barua hii ipo kwa dereva pamoja na sanduku. Ua limo ndani ya mfuko mkubwa, samaki wawili katika mfuko wao. Msifungue upesi. Mfuko uelee juu ya maji yenu nusu saa, kisha mchanganye kikombe kimoja kimoja. Zimeni taa siku ya kwanza. Litatembea, msiogope, linatafuta mahali. Msilisukume. Likishashika jiwe, lipeni kipande cha kamba mbichi cha ukubwa wa ukucha kila siku ya tano. Likikunja mdomo limeshiba. Likiwa na njaa linanata sana kwenye vidole vyako.

Nyumba imekuwa pana bila tangi. Nimeweka cherehani pale.

Narti


Surabaya, 2 Februari 2000

Mbak Narti, Mbak Narti, Mbak Narti!

Limefunguka! Siku tatu lilikuwa limejikunja kama ngumi na Mas hakula, akasema limetukataa. Siku ya nne nilikuwa nafagia, nikageuka, na hilo hapo, limejaa upana wa sahani ya wali, vidole vyote vinacheza, na wale wawili wamo ndani wakijisugua mgongo kama nguruwe. Nilikimbia hadi dukani kwa Mas na ndala za chooni. Alimwacha mzee wa watu kwenye kiti, na lenzi jicho moja tu.

Kila jioni sasa tuna wageni. Mas anaeleza, mimi namimina chai. Anasema hili ni la baba mkwe, lina miaka ishirini na tisa, limemzidi mke wangu. Wageni wanacheka kila mara, nami nacheka kila mara, wala sichoki. Mama mzima? Goti? Nina furaha hata naona haya kuiandika.

Umeona, Mbak? Njia ya katikati imempendeza kila mtu. Wala hatuoshi sana mchanga, mpira haufiki chini, na Mas anasema ndiyo vizuri, vijidudu wafanye kazi. Kwenye kioo, pale mchanga unapoonekana kwa ubavu, imetokea mistari mizuri kweli, kama keki ya tabaka. Juu mweupe, chini yake kijani, kisha kahawia, na chini kabisa mweusi, mweusi kama machicha ya kahawa. Nimeipenda. Mas huinama kila jioni kuitazama kwa karibu.

Nimeisoma tena barua yako ya sikukuu. Umeandika ya mfuko, ya taa, ya kamba, yote. Ya mchanga hata neno. Umeridhika basi? Sema tu kwamba umeridhika, nilale vizuri.

Rini


Ketapang, 28 Februari 2000

Dik Rini,

Tu wazima. Mama anaanza kutembea hadi msikitini kwa fimbo. Nimepata kazi ya kushona sare za shule mbili za jirani. Mti wa fenesi umezaa sana, tunakula fenesi mpaka tumeanza kugombana.

Nimefurahi kwamba limefunguka.

Mistari siijui. Kwenye tangi la Baba haikuwepo. Muulize mume wako.

Narti


Surabaya, 11 Aprili 2000

Mbak Narti,

Mama hajambo? Mimi mzima wa mwili.

Ua limekufa. Samaki wamekufa, wote wawili. Nimejaribu kuandika barua hii mara nne ikianza na maneno mengine.

Ilikuwa Jumamosi. Jiwe la juu liliteleza, likaanguka upande wa nyuma. Mas alikunja mkono wa shati akauingiza mkono kulisimamisha, na ili lisimame akalizamisha ndani ya mchanga, akalizungusha. Mapovu yakapanda. Makubwa, mengi, na yalipopasuka juu ya maji sebule yote ikanuka mayai viza. Mchanga uliotoka chini ulikuwa mweusi kama lami. Mas alitoa mkono, akaunusa, akakaa sakafuni. Hatukujua la kufanya. Tulibadilisha ndoo mbili za maji ya bahari, hatukuwa na zaidi ya hizo. Baada ya saa moja samaki walikuwa juu wakihema. Jumapili mchana ua liligeuza tumbo nje. Jumatatu halikuwa kitu tena, Mbak, lilikuwa kama makohozi. Nilikuwa nimezoea kuligusa. Vidole vyangu vilipita ndani yake.

Nililia, nikamwambia Mas kwa nini uling'ang'ania mchanga. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi? Nilifuata kina cha dada yako. Saba na nusu ni yeye aliyesema. Wewe ndiye uliyeniambia."

Ni kweli, nilimwambia hivyo. Ndivyo nilivyofanya. Kwako niliandika kwamba ameamua yeye, kwake nilisema umeamua wewe. Nilijua kila mmoja atakubali kwa heshima ya mwenzake, na nyumba itakuwa na amani. Kuhusu zawadi yako ya kurukwa sikumwambia kabisa. Hadi Jumatatu hakujua kwamba mchanga ulikuwa ni zawadi. Niliomba radhi kwake, naomba kwako. Nilidhani ni sentimita tu.

Halafu Mas aliinuka, akaenda juu ya kabati, akashusha bati la biskuti. Ndani yake mna barua zako. Thelathini na moja, nimezihesabu, kuanzia mwaka wa tisini na sita. Akatafuta moja, wala hakuitafuta sana, akanisomea: "Ama vidole viwili ama nusu shubiri kwenda juu. Katikati ni kaburi. Haufiki kuusafisha na hautoshi kujisafisha. Ukikuta tangi la mtu lina mchanga wa katikati, usiuguse, utaua vyote." Ni mwandiko wako.

Nikamuuliza kama alijua, kwa nini alikubali saba na nusu? Alisema, "Nilidhani amebadili mawazo. Nilitaka kumwandikia nimuulize. Sikuwa na uso wa kumwandikia."

Mbak, mimi sikujua kwamba mliandikiana. Nilijua alikuja nyumbani kutazama tangi, kama wateja wengine wa wakala. Anasema zilikuwa barua za samaki. Nimezisoma zote jana akiwa dukani. Ni za samaki kweli. Hadi ile ya ishirini ni za samaki.

Nina swali moja. Barua yangu ya Oktoba, yenye saba na nusu, ilikufikia lini?

Rini


Ketapang, 30 Aprili 2000

Dik Rini,

Mama sijamwambia. Nimemwambia ua limezeeka. Ukija usimwambie vinginevyo.

Barua yako ya Oktoba ilinifikia Jumanne, tarehe ishirini na sita, saa nne asubuhi. Niliisomea pale pale posta. Kibanda cha simu kiko mkabala, unakijua. Niliingia, wakanipa chumba cha tatu. Namba ya duka la miwani siihitaji kuiangalia popote, ilikuwa kichwani mwa kila karatasi aliyoniandikia. Nilibonyeza tarakimu nne. Nikaweka simu chini, nikatoka, nikanunua tempe ya soya, nikarudi nyumbani.

Nilifikiri hivi: ana barua yangu, anajua vizuri kuliko mtu yeyote Surabaya, na amechagua katikati. Basi ananiambia kitu. Ananiambia kwamba neno langu sasa ni sawa na neno la mpita njia. Nikasema vizuri, na aone. Mchanga huo ungetolewa kwa ndoo mchana mmoja, kabla ya kuwekwa kitu. Nilikuwa na Novemba yote na Desemba yote.

Utauliza kwa nini nililituma. Ahadi ilishatoka mbele ya wazee. Hilo ndilo nililojiambia. Lakini ningeweza kusema limeugua, limekufa njiani, ungeamini. Nilitaka lifie sebuleni kwake. Nimeandika, sifuti.

Nililiingiza mfukoni kwa mikono yangu. Lilininata vidoleni kama siku zote. Nikalibandua kidole kimoja kimoja, nikaufunga mfuko kwa mpira mara mbili.

Ulipouliza habari ya mistari, hiyo ilikuwa nafasi ya pili. Nikakuandikia habari za fenesi.

Wewe hukudanganya kwa ubaya. Ulidanganya kama tulivyofundishwa kupakua wali mgeni akija ghafla, ili asione kwamba hautoshi. Lakini nilikuomba kitu kimoja. Ukasema mtu akiombwa kikombe akatoa birika hajapunguza. Umepunguza, Rini. Sikuomba wingi.

Kuhusu barua baada ya ile ya ishirini, sina la kusema. Hakuahidi kitu. Aliniandikia kwamba atakuja kulitazama tangi, akaja, akalitazama. Kahawa ulileta wewe kwa sababu mimi ndiye niliyekutuma ulete.

Kama nyumba yenu haitatulia, si kwa sababu nilirukwa. Mwambie Bi Tumirah.

Narti


Surabaya, 21 Mei 2000

Mbak Suminarti,

Namsalimu Mama.

Mume wangu ametoa mchanga wote. Ulijaza ndoo kumi na nne, nikaumwaga nyuma ya nyumba, na paka wa jirani hawapiti tena upande huo. Siku hizi mchana anakula huko huko sokoni. Anasema kuna wateja wengi.

Anataka kuanza upya. Anataka kujua kina. Nilimwambia safari hii mimi sipeleki neno la mtu, akuulize mwenyewe. Aliandika siku tatu. Bahasha ni hiyo nyingine, nimeitia posta kwa mkono wangu pamoja na hii. Aliniuliza kama nataka kuisoma kabla hajaifunga. Nilisema hapana, kisha nikajuta, lakini alikuwa ameshailamba.

Rini


Ketapang, 15 Juni 2000

Dik Rini,

Mama mzima. Ametuma fungu la samaki wakavu, limo ndani ya kifurushi.

Barua ya mume wako ilifika. Imo humu, gundi haijaguswa. Isome au ichome, lakini usije ukaniambia ulifanya lipi.

Swali la kina nakujibu wewe, kwa sababu mwenye sebule ni wewe. Msiweke mchanga. Si vidole viwili, si nusu shubiri. Acheni kioo kitupu, mawe yakae juu yake. Hakipendezi. Samaki wapya siku za kwanza wataogopa vivuli vyao, na wageni watauliza kwa nini ni uchi hivyo. Lakini uchafu utauona siku hiyo hiyo ulipodondoka, na utaondoka kwa mpira siku hiyo hiyo. Fanyeni wawili, mmoja anyonye, mwingine ashike ndoo, mbadilishane. Anayenyonya lazima ameze kidogo. Ni machungu yale maji, na yanakaa kooni mpaka jioni, lakini nimeyameza miaka mingi na nipo.

Narti